ANAYETUUZIA LORI ATUUZIE NA UJUZI WAKE

Msafiri aingiaye Mbeya kwa barabara kuu itokayo Dar es Salaam hukisikia kituo kimoja kikitajwa na makondakta kwa jina la Mafiati. Vijana wengi wapandao na kushuka hapo hawajui jina hilo limetoka wapi, wala hatuwalaumu, maana hakuna anayewafundisha. Wazee wa mji huo hulihusisha na malori ya Fiat ya Italia, yaliyopita Mbeya kwa wingi katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 yakipeleka mafuta Zambia na kurudi na shaba. Malori hayo hayaonekani tena barabarani. Hatukioni kiwanda kilichoachwa nyuma yake, wala karakana itengenezayo leo japo boliti moja ya Fiat. Kilichobaki ni jina la kituo cha basi.

Jambo hili linastahili kutafakariwa na watumishi wa umma na walimu wakati huu, kwa sababu wenye viwanda vya magari wa nchi nyingine wamekwisha kubisha hodi na kukaribishwa, na safari hii wametoka China. Asiyeamini na akasimame Uyole au Tunduma asubuhi moja, ayatazame malori yaendayo mpakani. Majina ya Howo, FAW na mengineyo ya Kichina, ambayo miaka thelathini iliyopita yalikuwa mageni masikioni mwetu, leo yanajulikana kwa kila utingo. Kibaha, mkoani Pwani, kiwanda cha GFA kilianza mwanzoni mwa miaka ya 2020 kuyaunganisha malori ya FAW humu humu nchini. Nchi yetu imekuwa soko linalotafutwa, na atafutaye soko hulazimika kuyasikiliza masharti ya mwenye soko, ikiwa mwenye soko anayo masharti.

Swali letu ndilo hilo. Je, tunayo?

Hatuna budi kurudi nyuma kidogo ili swali hilo lieleweke. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru wa haramu. Zambia, iliyokuwa imejitawala kwa mwaka mmoja tu, ilijikuta imefungiwa mlango, maana mafuta yake yaliingia na shaba yake ilitoka kwa kupitia kusini, katika mikono ya walowezi hao hao. Tanzania ikafungua mlango wa mashariki. Mlango wenyewe ulikuwa barabara ya zaidi ya kilometa 900, sehemu yake kubwa ikiwa ya udongo, kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Tunduma, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, yenye mlima wa Kitonga ambao hata leo, pamoja na lami yake, humtoa dereva jasho. Madereva wa kigeni waliipa jina la njia ya jehanamu. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia ziliunda kampuni ya uchukuzi kwa ubia na Waitaliano, iliyoitwa Zambia-Tanzania Road Services, na malori ya Fiat pamoja na matela yake yakaagizwa kwa mamia.

Malori hayo tuyatendee haki. Yalifanya kazi ya ukombozi, na madereva wetu walioyaendesha usiku na mchana katika tope la Mbeya na Iringa wanastahili heshima sawa na wapiganaji. Lakini yaliletwa kuondoa shida ya dharura, na katika dharura mtu haulizi mengi. Nyumba ikiungua, mwenye nyumba hamwulizi jirani ndoo hiyo ilifinyangwa na nani.

Reli iliyokuja baadaye ilipangwa kwa utulivu zaidi, na tofauti yake inaonekana. Wakati TAZARA inajengwa, kati ya mwaka 1970 na 1975, vijana wapatao mia mbili wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli, na maelfu wengine walijifunza kwa mikono yao katika mahandaki na madaraja ya milima iliyo kati ya Mlimba na Makambako. Karakana kubwa zikajengwa Dar es Salaam na Mpika, na Mpika pakawekwa chuo. TAZARA imeugua mara nyingi tangu hapo, na yapo mengi ya kulaumiwa katika uendeshaji wake. Hata hivyo hakuna awezaye kusema kwamba haikuacha mafundi. Wengine wao wameyalea makarakana ya Mbeya mjini baada ya kustaafu.

Wapo watakaosema kwamba Taifa lilijifunza, likataka magari nayo yatengenezwe nyumbani. Ni kweli lilijaribu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Shirika la Maendeleo la Taifa lilikabidhiwa kazi ya kusimamisha viwanda, na Kibaha ikachaguliwa kuwa mji wa magari. Hapo ndipo ilipowekwa TAMCO, iliyounganisha malori ya Scania kutoka Sweden. Hapo hapo yakaunganishwa matrekta ya Valmet kutoka Finland. Arusha ikapewa kiwanda cha matairi cha General Tyre, kwa ubia na kampuni ya Kimarekani. Wenye umri wa kutosha wanaikumbuka fahari ya kuliona lori jipya lililofungwa na mikono ya Watanzania likipanda Kitonga na mbolea kwa ajili ya wakulima wa Nyanda za Juu Kusini.

Lakini tulitazame neno hilo, kuunganisha. Injini ilikuja ndani ya sanduku, sanduku la gia likaja ndani ya sanduku, na fremu, ekseli na kibanda cha dereva vilevile. Vijana wetu wakavifunga pamoja, wakatia rangi, wakajaribu breki. Ni kazi ya kweli wala hatuidharau, lakini sehemu kubwa ya thamani ya lori, na karibu ujuzi wote wa kulibuni, ilibaki ilikotoka. Kiwanda cha namna hiyo hupumua kwa pua ya mwingine. Fedha za kigeni zikikatika, masanduku hukatika, na masanduku yakikatika wafanyakazi hufagia sakafu.

Na fedha za kigeni zilikatika. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na ikapanda tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mwaka 1978 nduli Idi Amin alivamia Kagera, na Taifa likalazimika kutumia kila lilichonacho kumwondoa. Miaka iliyofuata ndiyo iliyotufundisha maana ya neno kipuri. Mbeya, Iringa, Rukwa na Ruvuma ilikuwa mikoa minne iliyotegemewa kuilisha nchi mahindi. Mahindi yalikuwapo. Yalikaa vijijini yakisubiri lori, na lori lilikaa juu ya magogo likisubiri kipuri, na kipuri kilisubiri kibali cha fedha za kigeni mezani kwa mtu Dar es Salaam. Mkulima aliyeuitikia wito wa Siasa ni Kilimo, ambao Chama kiliutoa hapo hapo Iringa mwaka 1972, alilima, akapalilia, akavuna, akabeba magunia hadi ghala la kijiji. Waliofika kuyachukua kwanza walikuwa panya.

TAMCO ilinyamaza. Kufikia mwaka 2009 General Tyre nayo ilikuwa imefungwa, ijapokuwa mashamba ya mpira ya Kihuhwi na Kalunga yaliyokusudiwa kuilisha yalikuwapo. Kisha, kana kwamba hatukusoma somo la kwanza, katika miaka ya 2010 eneo lile lile la Kibaha lilipokea masanduku mengine, safari hii ya matrekta ya URSUS, kwa mkopo wa dola milioni 55 kutoka Poland. Nia ilikuwa njema na wakulima walihitaji matrekta. Malalamiko kuhusu uimara wake na vipuri vyake yakasikika, na baadaye kampuni yenyewe ya URSUS ikafilisika huko kwao. Basi mwenye trekta aliye Mbarali akavunjikiwa gia, ampelekee nani barua?

Mtu anaweza kuuliza kama yuko mwuzaji yeyote wa magari aliyefanikiwa kudumu hapa bila kiwanda. Yuko, na mfano wake una mafunzo. Kwa miaka mingi gari la Serikali lilikuwa Land Rover ya Mwingereza. Bwana shamba, mkaguzi wa shule na mkuu wa wilaya wote waliifahamu kwa mgongo wao. Ikaja Toyota ya Mjapani, ikaisukuma kando, na leo ni vigumu kuiona ofisi ya mkoa isiyokuwa na Land Cruiser uani. Toyota haikushinda kwa matangazo tu. Ilishinda kwa sababu gari lake likiharibika Chunya au Makete kipuri hupatikana kwa siku moja au mbili, na kwa sababu kila mwaka magari yake yaliyotumika Japani yanashushwa bandarini kwa wingi hata fundi wa chini ya mwembe ameyafungua na kuyafunga mara mia. Fundi huyo hakusomeshwa na Toyota. Amejisomesha kwa macho, kwa grisi na kwa makosa aliyolipia mwenyewe. Vivyo hivyo kwa pikipiki za miguu mitatu za kampuni ya Bajaj ya India, ambazo zimeenea katika jiji la Mbeya hata jina la kampuni limekuwa neno la kawaida lenye herufi ndogo. Bajaji hutengenezwa kila uchochoro wa Mwanjelwa.

Hapa tunaomba wasomaji wetu, hasa walimu wa Kiswahili, walitazame neno hilo kutengeneza. Lugha yetu hulitumia neno hilo moja kwa kazi mbili. Anayeziba pancha anatengeneza, na anayebuni gari jipya anatengeneza. Wahenga waliotuachia neno hilo huenda walijua jambo ambalo wachumi wetu wamelisahau, kwamba njia ya kufikia kazi ya pili hupitia katika kazi ya kwanza.

China yenyewe ni shahidi. Kiwanda cha FAW kilianza kujengwa Changchun mwaka 1953 kwa msaada wa Urusi ya wakati ule, na lori lake la kwanza, lililopewa jina la Jiefang, yaani Ukombozi, lilitoka mwaka 1956. Lilikuwa nakala ya lori la Kirusi. Lakini pamoja na mashine Wachina walipewa michoro, na mamia ya vijana wao walipelekwa Moscow kukaa kiwandani na kujifunza hatua kwa hatua. Mwaka 1983, wakati sisi tukihangaika kupata fedha za kununua masanduku, wenzetu walifanya mkataba na kampuni ya Steyr ya Austria wa kununua haki ya kulitengeneza lori zito la Steyr nchini mwao, kwa michoro yake na taratibu zake. Malori ya Howo tuyaonayo Tunduma yametoka katika mikono iliyofunzwa na mkataba huo. Mwuzaji wetu wa leo, kwa hiyo, ni mwanafunzi wa jana aliyefaulu. Hawezi kutuambia kwamba kuomba michoro na mafunzo ni utovu wa adabu. Naye aliomba.

Tutaambiwa kwamba China ilikuwa na watu bilioni moja, na sisi soko letu ni dogo. Hoja hiyo ina uzito na hatutaikwepa. Hakuna kampuni itakayosimamisha tanuri la kusubu injini kwa ajili ya magari elfu chache kwa mwaka. Kenya inaunganisha magari Thika na Mombasa tangu miaka ya 1970, na bado injini hutoka ng'ambo. Gari lake la Nyayo Pioneer, lililoanzishwa mwaka 1986, halikuvuka hatua ya majaribio. Uganda imejenga kiwanda cha mabasi cha Kiira huko Jinja. Rwanda ilimkaribisha Volkswagen mwaka 2018. Kila jirani ana banda lake la kuunganishia, na kila mmoja anamwuzia mwenzake kwa mashaka. Ikiwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyofufuliwa mwaka 1999, haitakaa pamoja kugawana kazi, huyu afanye springi na yule afanye betri, basi wenye viwanda wa ng'ambo wataendelea kutuchezesha, wakimwahidi kila mmoja wetu kiwanda kile kile.

Lakini kutoka kwenye ukweli kwamba hatuwezi kutengeneza injini kesho hakufuati kwamba tusitengeneze chochote. Lori lina vitu vinavyokwisha kila mwezi: bitana za breki, springi, rejeta, vichujio, mabomba ya mpira, betri, matairi. Matela yanatengenezwa Dar es Salaam tangu zamani, na yanakwenda Zambia na Kongo yakivutwa na malori ya kigeni. Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari kilichoanzishwa Kibaha mwaka 1985 chini ya jeshi letu, kilithubutu kubuni na kujenga lori la Kitanzania wakati nchi ilikuwa katika dhiki kubwa kuliko ya leo. Kwa hiyo hatuanzii patupu. Tunachokosa ni mtu mwenye kalamu wa kuandika katika mkataba kwamba vitu kadhaa vya namna hiyo vitanunuliwa hapa kuanzia mwaka fulani.

Mtu mwenye kalamu yupo. Ni mtumishi wa umma anayesoma ukurasa huu.

Serikali ni mnunuzi mkubwa wa magari katika nchi hii. Wizara, mikoa, halmashauri, mashirika, hospitali, miradi yote ya barabara na maji, kila mmoja huagiza. Mnunuzi wa namna hiyo, akisema kwa sauti moja, husikilizwa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imetoa nafasi ya kuzipendelea bidhaa na kampuni za ndani, na maagizo ya ununuzi sasa hupitia mfumo mmoja wa NeST. Nyenzo zipo. Lakini katika ofisi nyingi hati ya maelezo ya gari linalotakiwa huandikwa kwa kunakili ya mwaka uliopita. Inataja ukubwa wa injini, rangi, kiyoyozi na viti. Haisemi kitu juu ya nani atakuwa na vipuri Mbeya baada ya miaka kumi, kwa bei gani, na fundi gani wa karakana ya Serikali atafunzwa kulitengeneza. Halafu baada ya miaka saba gari hilo husukumwa nyuma ya ofisi, majani yakaota katika magurudumu yake, na kamati ya mnada ikaitwa. Ukitaka kuipima busara ya ofisi katika kununua magari, usitazame maegesho ya mbele. Zunguka nyuma.

Na tuseme ukweli ambao hausemwi sana vikaoni. Wapo watendaji, na miongoni mwao wamo wanachama wenzetu, ambao gari kwao ni kiti cha enzi. Muundo mpya ukitoka, wa zamani unaonekana aibu. Hivyo idara moja huwa na aina sita za magari, kila aina na vipuri vyake, kila aina na fundi wake, na karakana za TEMESA hulaumiwa kwa kuchelewa kutengeneza magari ambayo hata mwuzaji wake hana akiba ya vipuri vyake nchini. Mashirika ya uchukuzi ya zamani yaliteswa na ugonjwa huo huo. Msaada wa nchi hii ulileta basi hili, mkopo wa nchi ile ukaleta basi lile, na karakana ikawa makumbusho.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba atakayetaka kuiuzia Serikali magari kwa wingi, awe Mchina, Mhindi, Mjapani au Mzungu, akubali kwanza kuweka ghala la vipuri katika kanda na si Dar es Salaam peke yake. Mbeya ni mahali pa haki kwa Nyanda za Juu Kusini. Iko njiani kwenda Zambia, Malawi na Kongo, na ghala lililoko hapo litahudumia Songwe, Njombe, Rukwa na Iringa bila lori kulala mwezi mzima Makambako likisubiri kifurushi. Tena michoro na orodha ya vipuri iwekwe amana nchini, ili siku kampuni ikifilisika, kama ilivyotokea kwa URSUS, karakana zetu ziwe na ruhusa ya kuvichonga vipuri hivyo wenyewe.

Juu ya mafunzo tunataka kusema zaidi, kwa sababu hapo ndipo mlango ulipo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kilianza mwaka 1986 kikiwa chuo cha ufundi kilichojengwa kwa msaada wa Urusi ya wakati ule. Iyunga iko shule ya ufundi yenye historia ndefu, na Ifunda, mkoani Iringa, iko nyingine. VETA ina chuo chake Mbeya. Kuna wakati ufundi ulififia katika shule zetu, tukadhani kwamba maendeleo ni kuandika insha juu ya injini. Sera ya elimu, katika toleo lake la mwaka 2023, imeurudisha mkondo wa amali katika sekondari, na tumefurahi. Lakini mwalimu wa amali atamfundishaje mtoto kufungua injini kama shule haina injini? Pengine inayo, nayo ni ile iliyotolewa katika gari la mwaka 1985, yenye kabureta, wakati lori linalopita nje ya dirisha linaendeshwa kwa kompyuta.

Hilo la kompyuta lifahamike vema, maana ndilo litakalotutenganisha na ujuzi tuliojipatia kwa Toyota. Lori la leo likigoma, taa huwaka mbele ya dereva, na sababu yake haisomeki mpaka ichomekwe mashine ya kupimia yenye programu ya kiwanda. Programu hiyo ina funguo, na funguo ziko kwa mwenye kiwanda. Fundi wa Mwanjelwa, aliyeweza kuisikiliza injini ya Fuso kwa sikio na kukuambia ni vali ya ngapi, sasa anasimama kando huku kijana wa wakala akichomeka waya. Magari ya umeme yakija kwa wingi, na yanakuja kwa kasi, maana Ethiopia ilikataza kuingiza magari ya petroli na dizeli mwaka 2024, mlango huo utafungwa zaidi. Kizazi kizima cha mafundi kinaweza kugeuzwa wachuuzi wa kuosha magari. Watu hao ni maelfu, wanalea familia, na wengi wao ndio waliokuwa wanafunzi wetu tuliowaambia kwamba wameshindwa mtihani.

Basi sharti liwe kwamba kila kampuni iuzayo malori mia na zaidi kwa Serikali na miradi yake ikabidhi kwa chuo au shule ya ufundi ya kanda injini moja kamili ya muundo huo, sanduku la gia, na mashine ya kupimia pamoja na funguo zake, na imfundishe mwalimu. Msisitizo wetu uko kwa mwalimu. Fundi mmoja akifunzwa tumepata fundi mmoja, naye anaweza kuondoka kesho akaajiriwa Lusaka. Mwalimu wa Iyunga akifunzwa, tumepata darasa kila mwaka. Na mpango wa kurasimisha ujuzi, ambao umewapatia vyeti baadhi ya mafundi waliojifunza kazini, upelekwe hadi katika gereji za Soweto, Mbalizi na Ipogolo. Mwenye cheti hicho aruhusiwe kutengeneza gari la Serikali. Cheti kisichofungua mlango wa karakana ni karatasi.

Kampuni zitasema masharti haya yatapandisha bei. Yatapandisha kidogo, siku ya kununua. Mhasibu wa halmashauri ambaye amewahi kulipia gari moja vipuri vya thamani ya gari lenyewe katika miaka minane anajua kwamba bei ya gari haiko katika ankara ya kwanza. Wauzaji wanajua zaidi yake, ndiyo maana huwa wepesi kupunguza bei ya lori na wazito kupunguza bei ya klachi.

Tena pana jambo lisilohesabiwa kwa shilingi. Wakazi wa Mbeya hawahitaji kukumbushwa misiba ya mteremko wa Iwambi na wa Inyala. Lori lenye mzigo wa tani thelathini linaloshuka pale na breki zilizokwisha halichagui wa kumwua, na mara nyingi limeua watu waliokuwa wamesimama kando wakingoja bajaji. Polisi wa usalama barabarani wanafanya kazi yao, na madereva wazembe wapo. Lakini mwenye lori ambaye bitana halisi za breki ziko Dar es Salaam kwa bei asiyoimudu, na za bandia ziko dukani jirani kwa robo ya bei, tunajua atanunua zipi. Bitana za breki si injini ya roketi. Ni kitu ambacho nchi hii inaweza kukitengeneza, kikapimwa na Shirika la Viwango, na kikauzwa Mbalizi kwa bei ambayo mwenye lori moja ataimudu. Maafisa ununuzi wa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini wakikutana kuandaa maagizo ya mwaka ujao wa fedha, tunawaomba waanzie hapo, na swali hilo la breki waliulize kwa maandishi kwa kila kampuni itakayoleta zabuni, kisha majibu yabandikwe ukutani ambapo wananchi wanaweza kuyasoma.